Doa la Mabibo na Manjano ya Bi Harusi: Historia ya Kutoa Madoa Pwani Yetu



Kwetu Mpapura, Mtwara vijijini, harusi nyingi hufungwa msimu wa korosho. Sababu haijifichi, ndipo pesa zinapoonekana. Watu wanaokota, wanapeleka ghalani, wanasubiri mnada, halafu posa zinajibiwa. Kwa hiyo manjano ya bi harusi na maji ya mabibo yanafika kwenye nguo zetu kwa wakati mmoja. Sisi tunaoshona na kukodisha nguo za harusi huku tunajua maana yake. Gauni linatoka jeupe, linarudi na habari za shughuli nzima: pilau kifuani, hina kwenye mkono, kutu ya pini mabegani, na pindo limepita kusikoulizwa.

Swali tunaloulizwa sana si la bei. Ni "hili doa litatoka?" Na anayeuliza mara nyingi huuliza kwa sauti ya chini, kama aliyekamatwa na jambo. Sauti hiyo ndiyo iliyotufanya tukae tutafute: doa lilianza lini kuwa aibu ya mwanamke, na wakubwa wetu walilitoa kwa kutumia nini kabla maduka hayajajaa chupa?

Tuanze na mabibo, maana nyie wa Unguja na Pemba mnayajua pia. Mkorosho, mbibo, mkanju, mti ni mmoja. Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16, na hilo jina la kanju limetokana na neno lao. Maji ya bibo yakidondoka kwenye nguo huoni kitu. Unapangusa, unaendelea na kazi zako. Kesho yake kuna baka la rangi ya kutu ambalo halikuwapo jana. Kilichofanya hivyo ni tanini, kitu kilekile kilichomo kwenye chai ya rangi, kwenye maji ya dafu na utomvu wa mgomba, na kwenye magome ya mikoko. Enzi za Mjerumani magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda Ulaya kutengenezea ngozi. Yaani kitu ambacho wengine walikilipia fedha ili kishike kisitoke, sisi tunapigana nacho kwenye leso. Rangi na doa ni ndugu. Tofauti yake ni kama ulitaka au hukutaka.

Ndiyo maana bibo linataka haraka kuliko dawa. Likiwa bichi, maji mengi ya baridi papo hapo, kwa upande wa ndani wa nguo ili lirudi lilikotoka, kisha ndimu au siki, kisha jua. Usianze na sabuni ya mche, kwa sababu sabuni hiyo hulikaza doa la tanini. Na usiloweke kwenye ndoo ya bati yenye kutu, maana tanini ikikutana na chuma inakuwa nyeusi. Wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa hivyohivyo, kwa tanini na chuma. Likishakauka wiki nzima, dada, tuseme ukweli: litafifia, halitaisha. Anayekuahidi kwamba litaisha ana chupa anataka kukuuzia. Wanawake wa huku walishajua hilo, wakawa na nguo za shamba na nguo za mjini, na bibo halivuki mpaka.

Sasa turudi nyuma kabla ya sabuni ya dukani. Kulikuwa na majivu. Majivu ya makumbi ya nazi na ya maganda ya ndizi yana chumvi kali ndani yake. Ukiyatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, ukamimina maji taratibu, yanayochuruzika yanateleza vidoleni kama yana sabuni tayari. Yakichemshwa na mafuta ya nazi ndiyo sabuni ya zamani, laini, ya rangi ya udongo. Kulikuwa na magadi pia, yaliyotoka maziwa ya bara kama Natron na Magadi, yaleyale tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Na sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa ambayo mtu wa pwani anaihitaji kuliko mtu wa milimani: inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Nyie mnaoteka maji ya visima vya mawe ya matumbawe mnajua shida yake. Sabuni nyingine unaisugua mpaka inaisha mkononi, povu hakuna, nguo inabaki na utando mweupe. Kwa hiyo bibi zetu wa pwani hawakuchagua nazi kwa kuwa ipo tu. Iliwafaa.

Na kulikuwa na mkunazi. Hapa tukae kidogo, maana hapa historia ya beseni na historia ya dini zinakutana.

Yupo sahaba wa kike aitwaye Ummu Qays bint Mihsan, dada yake Ukasha bin Mihsan, Allah awaridhie. Imepokewa na Abu Daud na An-Nasai kwamba alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu damu ya hedhi inayoingia kwenye nguo. Akaelekezwa aikwangue kwa kijiti, kisha aioshe kwa maji na sidri. Sidri ni mti wa jamii ya mkunazi wetu. Majani yake yakipondwa na kufikichwa kwenye maji yanatoa povu, na ndiyo maana mpaka leo tunayatumia kuoshea maiti. Angalieni mpangilio wa maelekezo hayo: kwanza ondoa kilichoganda kwa kitu kigumu, ndipo ulete maji, ndipo ulete kitoa povu. Fundi yeyote wa nguo atakwambia hivyohivyo. Ukimwaga maji juu ya kilichoganda, unakisambaza. Huyuhuyu Ummu Qays ndiye aliyempeleka kwa Mtume mwanawe mchanga asiyeanza kula, mtoto akamkojolea, na Mtume akaagiza maji akayanyunyiza pale bila kuifua nguo. Mwanamke mmoja, madoa mawili makubwa ya maisha ya mama, na yote mawili yamejibiwa bila kufokewa.

Bi Asma bint Abi Bakr naye amepokea, kwenye Bukhari na Muslim, mwanamke aliyeuliza jambo hilohilo la hedhi, akajibiwa aikwangue, aifikiche kwa maji, aisuuze, kisha aswali na nguo ileile. Na Khawla bint Yasar alieleza, katika Abu Daud, kwamba ana nguo moja tu. Akauliza, je, alama isipotoka? Jibu alilopewa ni kwamba maji yanamtosha na athari iliyobaki haimdhuru. Walimu wetu wa Kishafii, ambao ndio wengi pwani hii, wamelipanga hilo katika fiqhi: rangi iliyogoma kutoka baada ya juhudi imesamehewa, au harufu iliyogoma, ila zikibaki zote mbili pamoja bado una kazi. Aliye na shaka amuulize ustadhi wake.

Tunalisema hili kwa kirefu kwa sababu tumekutana na wasichana wanaoacha kuvaa nguo ya swala, au kuichoma kabisa, kwa sababu ya alama ya kahawia isiyotoka. Watu wa Madina walikuwa na nguo chache kuliko sisi, na dini iliwajia kwa wepesi huo.

Basi aibu ilitoka wapi? Sisi tunaona sehemu kubwa ilikuja na nguo nyeupe na suala la nani anaifua.

Pwani yetu imesokota pamba tangu zamani. Kilwa, machimbo yaliyoongozwa na Neville Chittick miaka ya 1960 yalitoa vigurudumu vingi vya kusokotea uzi. Lakini katika karne ya 19 soko lilijaa merikani, kitambaa kizito cha pamba kilicholetwa Zanzibar na merikebu za Salem, Massachusetts. Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi mdogo Unguja. Merikani haikuwa imepaushwa. Ilikuja na rangi ya maziwa ya mgando, ikawa nyeupe kwa kufuliwa na kuanikwa mara nyingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo, na vitambaa kutoka kwingine vikachukua nafasi, jina likabaki merikani. Pembeni yake ilikuwapo kaniki, iliyotiwa nili mpaka ikawa karibu na nyeusi.

Sasa fikirini. Mwenye kuvaa kanzu nyeupe kama karatasi, kila siku, alikuwa anatangaza kitu: nyumbani kwake kuna mikono ya kufua. Kuchota maji na kufua zilikuwa kazi za watumwa wa kike, na wao wenyewe walivaa merikani isiyong'aa au kaniki, iliyofungwa chini ya makwapa. Kaniki haionyeshi doa. Ilikuwa nguo ya asiye na muda wa kufua nguo yake kwa sababu anafua ya mwingine. Mikindani yetu ilikuwa moja ya bandari ambazo watu waliofungwa walipitishwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Zanzibar 1897, masuria wakasubiri mpaka 1909, na huku Tanganyika ikawa 1922. Ni katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ya 19 kanga zilipoenea, na wanawake waliotoka utumwani wakaitupa kaniki wakavaa maua na madoadoa. Tumekuwa tukitaniana kazini kwamba kanga ndiyo nguo ya kwanza iliyouza madoa kama urembo. Jina lenyewe ni la yule ndege mwenye madoadoa.

Kwa hiyo mnaposikia "mwanamke msafi anajulikana kwa nguo nyeupe", jueni kauli hiyo ina wenyewe, na wenyewe hawakuwa wakifua.

Mijini akaja dobi, neno na kazi vyote kutoka India. Na dobi akaleta buluu ya kufulia, kile kipande kinachofungwa kwenye kitambaa na kukorogwa kwenye maji ya mwisho. Buluu haitoi doa lolote. Nguo nyeupe ikizeeka inakuwa ya manjano kidogo, na buluu kidogo inalidanganya jicho lione weupe. Rangi hiyo ya kutengenezwa iligunduliwa Ufaransa na Guimet miaka ya 1820, na kampuni ya Reckitt ya mji wa Hull, Uingereza, ndiyo iliyoisambaza nusu ya dunia. Wanga wa muhogo ulipikwa uji mwepesi wa kukazia kanzu, na kofia za viua zilivalishwa kwenye faroma mpaka zikauke na umbo lake. Ukitaka kujua ustadi wa mke zamani, wazee wa huku wanasema, angalia kofia ya mumewe Ijumaa. Sisi tunasema angalia pia kama mume anajua bei ya sabuni.

Na tukiwa kwenye sabuni: bandari ya Mtwara ina uhusiano nayo kuliko watu wanavyodhani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula na ya viwandani. Sabuni kwao ilikuwa ya mgao tangu Februari 1942 hadi 1950. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wa sabuni na majarini, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa trekta. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuifikia. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zimekwenda. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Bandari ikabaki na mji ukakua kuizunguka. Kwa maneno mengine, sehemu ya sababu ya Mtwara kuwa pale ilipo ni kwamba mama wa Kiingereza hakuwa na sabuni ya kutosha kufulia.

Miaka 30 baadaye shida ikawa yetu. Wengi wetu tunaoandika hapa hatukuwa tumezaliwa au tulikuwa tumboni, lakini mama zetu hawajaisahau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979, mafuta yakapanda, fedha za kigeni zikaisha. Sabuni, sukari, kanga, dawa ya meno, vyote vikawa vya kupanga foleni. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya uhujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, wafanyabiashara wakakamatwa, wengine wakatupa mali kwa hofu, na rafu zikawa tupu zaidi. Sisi wa kusini tulikuwa na letu la ziada: barabara ya Dar es Salaam ilikatika Rufiji kila masika. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003.

Ndipo mapapai yakawa sabuni. Majani ya mpapai yalitwangwa au kufikichwa kwenye maji mpaka yatoe povu la kijani, nguo zikalowekwa humo, zikafikichwa, zikasuuzwa. Waliokuwa watu wazima miaka hiyo, Mtwara na mikoa mingine, watakusimulia. Na watakwambia kitu ambacho wakati huo hakikuwa na jina kwao: jasho kwenye kola na damu vilitoka vizuri kuliko grisi. Sababu ipo. Utomvu wa mpapai una papaini, kimeng'enya kinachovunja protini, kilekile kinacholainisha nyama ngumu jikoni. Otto Röhm wa Ujerumani alisajili mwaka 1913 wazo la kutia vimeng'enya kwenye dawa ya kufulia, na leo paketi nyingi za unga zina vimeng'enya ndani. Mama zetu walivipata uani, bila paketi. Angalizo tu, utomvu huo unawasha ngozi, na kwenye nguo nyeupe majani huacha ukijani usiposuuza upesi. Haikuwa furaha. Tunaona watu mitandaoni wanaisifia kama urembo wa asili. Waliofua kwa majani ya mpapai walifua hivyo kwa kukosa, na walishukuru sana mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao kuagiza bidhaa, na baadaye Mzee Mwinyi, Mzanzibari wenu, akaitwa Mzee Ruksa.

Tukifika hapa, tunataka kurudi kwenye ile sauti ya chini.

Huku kwetu msichana akivunja ungo anapewa somo, na kati ya mafunzo ya mwanzo ni vitambaa vyake: namna ya kuvikunja, kuvifua, na zaidi ya yote kuvificha. Kufua ni sawa. Kuficha ndiko kunakotusumbua. Kitambaa kinaanikwa chini ya godoro, nyuma ya kabati, chini ya kanga nyingine iliyolowa, mahali pasipo na jua wala upepo. Hakikauki, kinatoa harufu, na binti anakirudisha mwilini kikiwa na unyevu. Jua ndilo linalokausha kabisa na kuua vijidudu, na ni la bure. Mwaka 2018 serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha ikisema bei madukani haikushuka, kwa hiyo vitambaa havijaenda popote, vijijini ndivyo vinavyotumika na wengi. Tunawaomba masomo na makungwi: wafundisheni maji ya baridi, kamwe si ya moto, kwa sababu moto unaipika damu kwenye uzi kama yai. Chumvi kijiko kimoja kwenye beseni, loweka, fikicha kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha anika nje. Kamba inaweza kuwa uani, nyuma ya ukuta wa makuti, lakini iwe juani. Bi Aisha (r.a.) aliifua nguo ya Mtume (s.a.w.), naye akatoka nayo kwenda kuswalisha hali alama za maji bado zinaonekana juu yake. Hakungoja ikauke ili watu wasijue kuwa imefuliwa.

Lipo na doa jingine, nalo linatafutwa badala ya kutolewa. Kitambaa cheupe cha usiku wa harusi, kamusi zinakiita kisarawanda. Asubuhi bibi wa kumpeleka mwari anakichukua, na kina mama wanangoja jibu lake kwa vigelegele au kwa kimya. Kwingi kimeachwa, kwingine kinafanywa kimyakimya, na sisi tunajua hivyo kwa sababu wapo wanaokuja kununua mita moja ya kitambaa cheupe bila kutaka kishonwe chochote. Si kila mwanamke hutoka damu mara ya kwanza. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kwamba upimaji wa ubikira hauna msingi wa kitabibu na ukomeshwe. Na sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja mwaka 2018. Sura ya An-Nur inamtaka anayemtuhumu mwanamke mtahirifu alete mashahidi wanne, na asipowaleta adhabu ni yake. Kitambaa hakimo katika mashahidi. Mwari aliyekaa kimya asubuhi hiyo kwa sababu shuka ni safi hana la kujibu kwa mtu, na bibi aliyekwenda kutangaza ndiye aogope.

Basi tumalizie na doa lenye furaha. Abdurrahman bin Auf alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na alama ya manjano ya manukato. Akaulizwa ni nini hiyo, akasema ameoa. Akaombewa baraka na akaambiwa afanye karamu, japo kwa kondoo mmoja. Hadithi hii imo kwenye Bukhari. Kila tukipokea shuka yenye singo, manjano na liwa na mafuta, tunaikumbuka.

Manjano ina kituko chake. Ukiipaka sabuni inageuka nyekundu, na bi harusi anapiga kelele akidhani ameharibu zaidi. Rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na magadi au sabuni, na hurudi njano ukiigusa na ndimu. Hata hivyo adui yake halisi ni jua. Toa mafuta kwanza kwa sabuni, usijali wekundu, suuza, kamulia ndimu, kisha ianike ikiwa mbichi kuanzia saa nne hadi saa tisa. Siku mbili tatu za jua la Mtwara, au la Makunduchi, na hutaiona. Hina haitoki hivyo, hina mbichi ioshe papo hapo, iliyokauka kwenye pamba imeshakuwa rangi. Piko ni mbaya zaidi, na kwa kuwa ile nyeusi ya dukani ni dawa ya nywele inayounguza ngozi za wengine, tungefurahi ikitoka mikononi mwa bi harusi kabla ya kufika kwenye gauni.

Kutu ya pini: chumvi na ndimu juu ya doa, juani, rudia. Mafuta ya cherehani: unga wa muhogo au poda usiku kucha unyonye, ndipo sabuni. Damu ya fundi aliyejichoma sindano: mate yake mwenyewe kwenye kipande cha uzi, afute mara moja, kisha aoshe pale kwa maji kwa ajili ya twahara. Mafundi wazee wametufundisha hilo na linafanya kazi.

Na tafadhali, Jik isichanganywe na siki, wala ndimu, wala dawa ya choo. Inatoa hewa ya sumu, na bafu zetu hazina madirisha makubwa. Pia isiguse hariri wala lesi yenye nyuzi za dhahabu, tumeona lesi za gharama zikitoka vipandevipande kwenye ndoo.

Gauni lililogoma kabisa hatulitupi. Tunalitia rangi ya zambarau iliyokoza, tunapunguza pindo, na linakodishwa tena kwa siku ya singo, ambako hakuna anayekwenda na nguo nyeupe.

Wabillahi tawfiq.